Nyumba Yenye Upepo wa Mombasa

Baba alistaafu kazi ya bandarini Mombasa akarudi Kakamega na ramani ya nyumba kichwani. Miaka yote hiyo Mama alikuwa huku akilima mahindi na kutulea, wakionana Krismasi na kwenye matanga. Sasa wangeishi pamoja, na mimi, mtu mzima mwenye watoto, niliingoja siku hiyo kama mtoto anayengoja nguo mpya.

Alijenga vile watu wa kisiwani wanavyojenga: madirisha mapana yanayotazamana, na juu ya kila ukuta safu za matofali yenye matundu. Fundi alimwonya, "Mzee, hapa baridi inaingianga." Baba akamcheka. Akamweleza kwamba Mombasa joto haliondoki hata usiku, unyevu wa bahari unakugandishia shuka mgongoni, na upepo usipoingia huku na kutokea kule, hulali. Fundi akajenga. Nyumba haikuwa yake.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwetu jua la asubuhi linakudanganya uanike mahindi. Mchana mawingu yanapanda kutoka upande wa msitu, na ikifika saa tisa radi inapiga hadi sahani zinalia kabatini. Mvua ya kwanza kwenye nyumba ile ilikuwa ya mawe. Iliingia kwa matundu, tukaifagia kutoka kwenye makochi mapya. Nilicheka hadi nikakaa chini. Mama hakucheka. Alibeba godoro lake akahamia jiko la nje, karibu na moto.

"Umejenga nyumba ya kukausha samaki wa omena," alimwambia Baba. "Mimi si omena."

Wiki zikapita, Baba kwenye nyumba kubwa, Mama jikoni. Iliniuma sana. Walikuwa wametenganishwa na nchi nzima, na sasa walitenganishwa na ua wa kuku. Siku moja nikamfuata Baba hadi pale jikoni alipokuwa ameenda kuchukua chai yake, nikamgombeza: si uzibe hayo matundu, ubishi ni wa nini?

"Huyu mama yako alikuja Mombasa mara moja," alisema. "Akakaa kwa dirisha ya chumba yangu, akasema, huu upepo nikiupata nyumbani sitaki kitu ingine. Nikaiweka kwa roho."

Mama, aliyekuwa akizoa majivu, alisimama. "Hiyo ilikuwa Januari," alisema. "Na nilikuwa na mimba ya huyu mtoto wako. Hata ungenipa barafu ningeilalia."

Hakuna aliyecheka.

"Si ungeniuliza, Baba Watoto," Mama akasema. "Hiyo miaka yote, si ungeniuliza."

Baba akavuta kigoda, akakaa. "Basi nakuuliza sasa. Unataka nyumba namna gani?"

Mama akaanza na dirisha la chumba cha kulala, kwamba linatazama choo, na mvua ilipokuja bado alikuwa akiongea.