Mawe ya Bibi Chini ya Pikapu

Huenda nawe umewahi kuisikia harufu ya klachi inayoungua. Mimi ilinikuta tena juzi pale Kerege. Nimeshuka kwenye bodaboda, nataka kuingia uchochoro wa kwetu, kumbe lori la kokoto limenasa mchangani kando ya lami na dereva analilazimisha. Injini inanguruma, lori haliendi popote, na ile harufu ikatoka, kali na chungu, kama nywele zilizoangukia motoni. Watu waliziba pua wakicheka. Mimi nilishika ukuta wa duka nikasimama. Mwenye duka akaniuliza kama nimepungukiwa damu, nikamwambia ni jua tu. Ningeanzia wapi kumweleza? Basi nakueleza wewe, maana wewe tumezoeana.

Nyumba yetu ilikuwa nyuma kidogo ya barabara ya Bagamoyo, na ua wake ulikuwa wa mchanga mweupe, ule wa pwani, unaufagia asubuhi na kabla hujaweka ufagio kuku wameshauchafua. Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya samawati, au tuseme samawati ilikuwa imebaki milangoni. Alibeba mananasi kutoka mashambani akayapeleka Dar es Salaam. Nyumba nzima ilinuka nanasi. Mashuka yalinuka nanasi, juzuu yangu ya chuo cha Kurani ilinuka nanasi, na sisi watoto tulikuwa na vidonda vya ulimi msimu mzima kwa kula yaliyopondeka njiani.

Msimu mmoja klachi ikafa. Gari lilirudi jioni likisukumwa na vijana, baba ndani ameshika usukani, amenuna. Fundi tuliyemzoea alikuwa Ubena, kwenye msiba wa shemeji yake, na hakuna aliyejua atarudi lini. Na nanasi lililoiva, wewe unalijua, halimsubiri mtu. Baba akatangaza wakati wa chakula kwamba atabadilisha klachi mwenyewe, hapo hapo uani, na flaiwili pia, kwa sababu ile ya zamani ilishaungua uso.

Mama akaweka kijiko chini. "Umewahi kubadilisha?"

"Nimeangalia Chalinze wanabadilisha," baba akasema. "Mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa nimekaa pale nakunywa chai."

"Na mimi nimeangalia watu wakipasuliwa," mama akasema, akaendelea kula.

Flaiwili, kama hujaiona, ni sahani nene ya chuma iliyo nyuma ya injini, nzito kupita umbo lake. Klachi hujibana juu yake, na ndivyo nguvu ya injini inavyofika kwenye magurudumu. Ili uifikie lazima ulale chali chini ya gari, ushushe giaboksi yote. Baba alinieleza hivyo kwa furaha, akinichorea mchangani kwa kijiti. Mimi katika maneno yote hayo nilisikia moja tu, la kulala chini ya gari.

Niseme kwa nini. Chuoni kwetu, kwenye mkeka mmoja na mimi, alikaa msichana ambaye baba yake alikuwa amekufa chini ya gari, kando ya barabara, anatengeneza. Tangu hapo yule mtoto alikaa mikono mapajani. Kila mtu alimmegea andazi lake, hata wale wachoyo, na mwalimu hakumchapa tena hata akikosea. Mimi nilikuwa nikimtazama kwa pembe ya jicho nikisema moyoni, Mungu wangu, mimi sitaki andazi la mtu.

Asubuhi jeki likawekwa. Likazama mchangani kama kijiko kwenye uji. Wakaweka ubao chini yake, gari likainuka upande wa mbele, lakini baba mwenyewe alijua jeki peke yake si la kuaminiwa, hivyo akawa anatafuta cha kuegemeza. Ndipo bibi, mama yake baba, akasema kwa kinywa chake: "Si kuna mawe yangu kule nyuma?"

Yalikuwa mawe ya matumbawe, aliyoyakusanya kwa kujengea jiko lake. "Nyumba za mjini Bagamoyo zimesimamia mawe hayo hayo," bibi akasema, "tangu babu zenu hawajazaliwa." Hakuna aliyebisha. Kwetu ukisema jiwe umesema jiwe hilo, hatukuwa na jingine. Hata jirani yetu, mwashi aliyekuwa akibisha kila kitu mpaka mwezi mwandamo, alisaidia kuyabeba. Wakayapanga, moja juu ya jingine, kila upande, gari likakaa. Baba akalisukuma kwa bega, halikutikisika. Akanikonyeza, akajilaza, akaingia chini mpaka ikabaki miguu.

Bibi akatandika mkeka kando akakaa na ukili wake wa kusuka, mimi ubavuni nachambua mchele kwenye ungo. Na hapo akaanza mambo yake.

"Mwanangu!"

"Naam, mama."

"Upo?"

"Nipo, mama."

Anasuka kidogo, anasuka kidogo, kisha tena: "Mwanangu!" Na baba, aliyekuwa na mvi mbili tatu na familia ya kulisha, ilimlazimu aitike. Kwetu mama hakuiti ukanyamaza, uwe bafuni, uwe usingizini, uwe umeshika giaboksi kwa meno. Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Baba alikereka, nilisikia kwa namna alivyolivuta lile "naam", lakini aliitika kila mara. Mimi nilihesabu punje za mchele baina ya mwito na mwito na kila alipoitika pumzi ilinirudi. Wala sikumwambia mtu, ila nadhani bibi alijua, maana alinisogeza karibu akaniweka goti lake juu ya langu.

Siku hiyo ya kwanza giaboksi ilishuka. Mama alilalamika kwa sababu bakuli lake la futari lilitiwa bolti na grisi. Flaiwili ikatolewa, nikaiona: ina madoa ya buluu na nyufa nyembamba, imeungua kweli. Kulikuwa na harufu ya grisi na ya tui la nazi kwa pamoja, na sauti ya mama akikuna nazi kwenye mbuzi upande wa jikoni, kwaru kwaru, na spana upande wetu. Safari moja bibi akaita, baba akajibu "mmm". Bibi aliutupa ukili. Kumbe baba alikuwa ameshika nati kwa midomo.

"Toa hicho chuma unijibu kwa ulimi," bibi akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha. Jioni, kabla ya magharibi, mama alikuja kimya akiviringisha tairi la akiba, akalilaza na kulisukuma chini ya gari, karibu na mahali pa kifua. Baba akamuuliza kama anamwekea mto wa kulalia. Mama akaenda kuchukua udhu.

Kesho yake flaiwili nyingine, aliyoipata baba kwenye gari bovu mjini, ikafungwa, na klachi mpya juu yake. Baba alichonga kijiti cha mpera ili kuiweka klachi katikati, kama alivyowaona wale wa Chalinze, na kwa hilo alijisifu mpaka tukachoka. Ikabaki kuirudisha giaboksi. Hapo ndipo kazi ilipo. Meno ya shafti, ule mhimili unaochomoza mbele ya giaboksi, lazima yaingie kwenye klachi sawasawa, na hayaingii. Unaibeba giaboksi kifuani, unainyanyua kwa mikono na magoti, unaitikisa, unaisukuma. Haiingii. Unaitikisa tena. Nami nilikuwa naona gari zima linatikisika na yeye.

Nilimwambia bibi, "Bibi, gari linacheza." Akasema, "Naliona, mjukuu wangu." Akaita. Baba akaitika kwa shida, anahema. Akaita tena baada ya muda mfupi kuliko kawaida, akaitikiwa.

Jiwe la matumbawe halitoi onyo. Ubao hulia kabla haujavunjika, chuma hupinda. Hili lilisema "ka", kama mtu aliyevunja kaimati kavu, na upande wa dereva wa gari ukashuka. Si sana. Vumbi jeupe likapanda. Kule jikoni mbuzi ikanyamaza.

"Mwanangu!"

Kimya. Miguu ya baba ilikuwa pale pale, nyayo zimeelekea juu, vidole havichezi.

"Mwanangu!" Bibi alikuwa ameshapiga magoti. Nimewahi kusikia watu wakilia misibani, nimezaa, nimeuguza, lakini sauti ile sijaisikia tena kwa mtu yeyote. Haikuwa kubwa. Ilikuwa ya mtu anayeomba kitu ambacho tayari anadhani amenyimwa. Mimi nilishika ungo, mchele wote umemwagika mchangani, na nitakuambia nilichokiona: niliona mkeka wa chuoni, na mikono yangu mapajani.

Mama ndiye aliyefika kwanza, ameshika mchi wa kinu. Sijui aliufikiria lini. Aliupenyeza chini ya chesisi ya gari, akauweka juu ya lile tairi, akauning'inia kwa uzito wake wote. Bibi akaushika naye. Jirani akaja mbio akaruka ua, akalisogeza jeki na ubao, akalipiga mpini kama mwendawazimu. Gari likapanda kidogo, kisha kidogo tena. Wakamvuta baba kwa miguu, na mgongo wake ukachora mfereji mchangani mpaka ulipofika kwenye mkeka wetu.

Tairi ndilo lililolidaka gari. Lakini giaboksi ilikuwa imemgandamiza kifuani, pumzi ikakosa njia, na ndiyo maana hakuitika. Alikuwa anasikia kila mwito. Aliniambia baadaye, nimeshakuwa mtu mzima, kwamba kilichomuuma kuliko mbavu ni kumsikia mama yake anaita na yeye hana hewa ya kumjibu.

Alikohoa. Akavuta hewa kwa sauti mbaya. Kisha, amelala pale, uso mweupe wa vumbi, akasema, "Naam." Bibi akakaa ubavuni pake akaanza kumfuta uso kwa kanga, akafuta, akafuta, hata pasipokuwa na vumbi tena. Baba akanitafuta kwa macho akasema nisiogope.

Jirani aliokota vipande vya jiwe akavigeuza geuza mkononi. Akasema jiwe hili hubeba nyumba likiwa na chokaa na wenzake kila upande, likiachwa peke yake chini ya chuma linapasuka. Alisema polepole, hakubisha na mtu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia chumbani kwake akarudishia mlango.

Mananasi yalioza, bila shaka. Mbavu za baba zilifungwa, zikapona. Siku aliposema anarudi kumalizia, sote tulimtazama mbavu. "Nikiacha sasa sitaingia tena chini ya gari," akasema. Jirani akaleta magogo mafupi ya mwembe, mapana kama meza. Mama mwenyewe alipanda juu ya gari akaruka ruka kulijaribu. Mkeka ukatandikwa. Nikaenda kumwita bibi.

Alikuwa amekaa kitandani na tasbihi. "Nenda wewe," akaniambia. "Mimi siwezi tena. Mawe niliyatoa mimi."

"Bibi, wote tuliyabeba."

"Nenda, mama yangu. Akikuitika, nitasikia."

Nikakaa mahali pake. Nilikuwa mdogo kiasi kwamba miguu haikutoka nje ya mkeka. Nikaita, na sauti yangu ikatoka nyembamba: "Baba!" Akaitika mara moja, hakuvuta. Nikaita siku nzima. Meno yakaingia, bolti zikafungwa, akatoka chini, akawasha gari, akakanyaga klachi, likaondoka mpaka barabarani likarudi. Hakuna aliyepiga vigelegele. Bibi alitoka akasimama mlangoni, akamtazama mwanawe akishuka, kisha akaenda kukoka moto.

Ua ule sasa umewekwa matofali ya saruji. Pikapu ilikatwa ikauzwa chuma chakavu, jirani amehamia kwa mwanawe, na mama na bibi wamelala makaburini kule nyuma ya msikiti. Hakuna anayetengeneza gari nyumbani pale, wala harufu ya nanasi haipo. Baba yupo. Amekonda, anapenda kukaa upande wa nyuma kwenye kivuli, na masikio yake yamekwisha kabisa, hasikii tena.

Hilo nalijua. Daktari ametuambia, mimi mwenyewe nilikuwapo. Lakini kila nikiingia uani nabisha hodi, kisha namwita, "Baba!", na nyumba inanyamaza. Juzi, nikitoka kwenye lile lori, nilitupa mkoba na mikate niliyomletea, nikakimbia kuzunguka nyumba, mama wa watu wazima mwenye kisukari, mpaka nikamkuta kitini mwake anamenya chungwa. Nikamwekea mkono kifuani kabla hata sijamwamkia. Akadhani ninamtania, akacheka, akanipa kipande.