Uzima Wangu Haukuwa Ushahidi

Nakumbuka adhuhuri moja hapa Ndagoni, mwanangu, nikiwa bado na nguvu zangu. Tulikuwa barazani kwa mavyaa tukifunga mbegu za mwani kwenye kamba, na wifi yangu akasema neno ambalo sijalisahau hata leo.

Mke mwenzangu, Mwanaidi, alikuwa amelala chumbani. Alikuwa akitokwa na damu isiyo ya mwezi, na kiuno hakimpi nafasi. Wifi akapaza sauti ili imfikie huko ndani: "Mume mmoja, nyumba moja. Mbona huyu mzima? Basi yule kayafuata mwenyewe huko nje."

"Huyu" ni mimi. Uzima wangu ndio walioufanya ushahidi wa kumhukumu mwenzangu, mwanamke ambaye maji yakipwa yuko pwani, akirudi yuko jikoni, na jioni anawasomesha watoto juzuu.

Tangu siku hiyo kila nilipomwambia twende hospitali, alinijibu, "Nikienda, dada, si nitakuwa nimekiri?" Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kweli walisema. Lakini mbona hatumtaji aliyemfanya mgonjwa afiche?

Alipozidiwa nilimkalisha kwenye pikipiki, nikamshika kwa nyuma mpaka Kilindoni. Daktari, mama wa makamo, alitupima sote wawili. Majibu yaliporudi akasema ni saratani ya mlango wa kizazi, nayo imeshatambaa. Nikamuuliza lile la wifi: mbona mimi mzima?

"Saratani hii huletwa na kirusi kiitwacho papiloma," akasema. "Wengi wenye mume au mke hukipata wakati fulani. Kina aina nyingi: nyingine huleta vigwaru tu, vile vinyama vya sehemu za siri, chache ndizo za hatari. Na hata hiyo aina moja ya hatari ina koo zake, zinapishana kidogo kwenye vinasaba, na ukoo mmoja unaweza kung'ang'ania mwilini na kuharibu kuliko mwingine. Tena miili haifanani. Hata wewe unacho, ila si ile aina kali aliyo nayo mwenzako. Kinaweza kulala miaka, na hakimwambii mtu tabia ya aliye nacho."

"Kwa hiyo Mwanaidi hakukosa?"

"Hakukosa. Kachelewa tu."

Kachelewa. Nami namjua aliyemchelewesha.

Tulimzika kabla ya Ramadhani, na wifi alilia kuliko sote. Siku ya hitima nikamfuata mbele ya wanawake wenzetu. "Wifi, mimi nimepimwa, na kirusi cha papiloma na mimi ninacho. Lile neno ulilomsema Mwanaidi, niseme na mimi." Akainamisha kichwa. Radhi hajaomba mpaka leo. Mimi nilirudi kupimwa kama nilivyoagizwa, na mwili wangu ukakiondoa.

Mwanangu, maradhi si kadhi. Chanjo ya kirusi hiki ikija shuleni, binti yako achanjwe, wala usiwasikilize wanaosema inafundisha uhuni. Mkeo aende kupimwa kabla hajaumwa, na wewe mwenyewe umsindikize, watu wakuone. Na ukisikia mgonjwa anasengenywa, usinyamaze kwa heshima ya mkubwa yeyote.

Mola akupe afya wewe na wa nyumbani mwako, akuepushe na ulimi unaoua kabla ya maradhi, na amrehemu Mwanaidi. Amina.