Ritifaa Kwenye Cherehani ya Mama

Nikipita kwa fundi nguo yeyote hapa Tabora, harufu ya mafuta ya cherehani ikinigusa pua tu, narudi kuwa ritifaa. Msicheke. Wenzangu walikuwa viranja, wengine wapiga ngoma ya mchakamchaka. Mimi nilikuwa ritifaa, kile kialama kinachoning'inia juu ya maneno kama mkia wa koma.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, mama mmoja mwenye sauti ya kuamsha Kaliua nzima, alikuwa anatufundisha namna ya kuandika kitu ni cha nani. Hakutaka tukariri. Alimsimamisha mwenye kitu huku, mtoto aliyebeba herufi s ya boksi kule, na katikati, juu ya stuli, akanipandisha mimi niliyekuwa mdogo kuliko wote, nimekunja shingo kama ile alama.

“Bila huyu wa juu,” akasema, “jembe la Juma halina mwenyewe!”

Darasa likaitikia hadi mabati yakataka kung'oka. Siku hiyo nilirudi nyumbani, kule Chemchem, nikiwa mrefu kuliko mnara wa simu.

Nikaingia kazini. Kwa kipande cha chaki nikaandika Mama's kila palipoandikika: kwenye sufuria, kwenye mtungi, kwenye mlango. Jogoo aliokolewa na mbio zake. Kwenye meza ya cherehani niliandika kubwa zaidi, ritifaa yenyewe nene kama ndizi. Cherehani ile mama aliinunua mwenyewe, kwa kuuza matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, pale stesheni. Baba alikuwa amefariki karibuni, na cherehani ndiyo iliyokuwa inatulisha.

Basi asubuhi moja baba mkubwa akaja kutoka Urambo, nyuma yake mkokoteni wa kukodi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yameikazia cherehani.

“Mama Tatu, mali ya marehemu ni ya ukoo. Hii naondoka nayo na treni ya jioni.”

Baba mkubwa akainama kuibeba, akaiona chaki. “Na haya madude ni nini?”

Mama naye Kiingereza hakukijua. Akanigeukia. “Tatu, umeandika nini hapo?”

Nikapanda kigoda, nikakunja shingo kikazi. “Ya mama!”

“Ya nani?” mama akauliza tena.

“Ya mama!” Nilipiga ukelele hadi majirani wakatoka wote, na nadhani wa Kigoma pia walisikia.

“Umesikia, shemeji,” mama akasema taratibu. “Hata mtoto anajua.” Akavuta kiti, akaketi kwenye cherehani, akatia kitambaa, akaanza kukanyaga.

Sasa, kwetu mtu hamshiki mkono mke wa mdogo wake mbele za watu. Baba mkubwa azunguke huku, azunguke kule, akohoe, mama hanyanyuki.

“Malizia basi, shemeji.”

“Bado, shemeji. Upindo mrefu huu.”

Bi Zuwena, jirani yetu, akadakia kutoka uani kwake: “Huo upindo umeshafika Uvinza!”

Jua likapanda, likashuka. Treni ikapiga honi stesheni, na baba mkubwa akatimua mbio, mkokoteni mtupu ukirukaruka nyuma yake. Hakurudi tena kuidai.

Kwa miaka nilitamba kwamba ritifaa yangu ilimfukuza mtu mzima hadi Urambo. Nilitamba hata shule ya jioni, nilikosomea ukubwani, wanafunzi wenzangu wenye mvi wakinipigia makofi. Nilipompelekea mama cheti changu nikamtambia na yeye. Akacheka hadi akashika mbavu.

“Chaki yako ilinipa la kusema, mwanangu. Maana mimi ulimi ulikuwa umekufa.” Akajifuta machozi ya kicheko. “Lakini uzi ndani haukuwamo. Uliisha tangu juzi yake.”

Nami nilikuwa nimekaa miguuni pake kutwa nzima, nikiangalia kila kitu nisione kitu. Mama yangu alimngojesha mtu mpaka treni ikapiga honi, akitoboa kitambaa kwa sindano tupu, huku akisema upindo ni mrefu.