Sepetu ya Marehemu Baba Mkwe

Clive Hepple alipostaafu udereva wa basi alioa mke wa pili, na mke huyo alikuwa mashine ya kutafutia madini, yaani sarafu na vitu vya kale vilivyofukiwa. Ndivyo mkewe Noreen alivyowaambia majirani, wala hakuwa akitania sana. Kila Jumapili mwanamume alizunguka kwenye mashamba ya watu, akipitisha mashine juu ya ardhi na kuomba ilie. Ikikoroma, hicho ni chuma tu, anapita. Ikiimba, ni shaba au fedha, anapiga magoti. Noreen alilisikia somo hilo mezani mpaka angeweza kulifundisha mwenyewe.

Taabu ilikuwa kuchimba. Udongo wa Durham, kaskazini mwa Uingereza, ni mzito, na vijembe vya dukani vilimpindia Clive mbele ya wenzake wa chama cha watafutaji, wazee wasio na huruma hata chembe. Akaapa kujitengenezea kichimbio chake mwenyewe, kifupi, chembamba, chenye meno ubavuni ya kukatia mizizi. Ila kichimbio kinataka chuma cha pua cha kweli, na chuma cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu. Kilining'inia kwenye banda la bustani.

Ilikuwa sepetu ya marehemu baba yake Noreen, mzee Joss Ridley. Huyo alikuwa mchimba makaa ya mawe ambaye kila Septemba liki zake, zile mboga za jamii ya kitunguu, ziliwaaibisha wengine kwenye mashindano ya kijiji. Alikuwa akikanyaga kwa mguu wa kushoto, basi ubapa ukalika upande huo mpaka ukawa mkali kama kisu. Mabegani, pale pa kukanyagia, alikuwa amegonga herufi za jina lake. Noreen hakuruhusu mtu kuigusa. Yeye mwenyewe aliitoa mara moja kwa mwaka, mashindano yakiisha, kuchimba mfereji wa liki za mwaka unaofuata.

Sasa ulikuwa mwezi wa Agosti. Clive akapiga hesabu zake, na shetani akamsaidia kujumlisha. Noreen alipokwenda kwa dada yake, akawasha grinda ya kukatia chuma. Akakata mabega, akachonga ncha, akapiga tupa meno mpaka vidole vikafa ganzi. Mpini wa mzee akauchomeka kwenye sepetu mpya ya bei rahisi, akaipaka tope, akaitundika palepale. Alijua Noreen akigundua, hatalala ndani ya nyumba ile. Lakini kichimbio kilikuwa kizuri jamani, kilimjaa mkononi, na furaha ikaifunika hofu.

Kosa lake lilikuwa uaminifu. Watu wa chama chao hawatupi kipande cha chuma ovyo, kila takataka wanayoichimba huenda nayo nyumbani. Clive alishazoea hivyo, naye akatia yale mabega mawili ndani ya debe lake la takataka, pamoja na vifuniko vya chupa na misumari. Noreen akaingia bandani siku moja kutafuta kamba ya kufungia liki, akayakuta humo debeni.

 Alimpikia Clive pai ya nyama, akamuuliza kwa upole Jumapili watakuwa shamba lipi. Clive akasema la mkulima Dodds, na kama kawaida ataanzia pale kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, alipowahi kuokota sarafu ya fedha. Noreen akamwongezea mchuzi.

Jumapili, kando ya birika, mashine haikukoroma. Iliimba. Clive akapiga magoti, kichimbio kikazama ardhini bila taabu, na wenzake wakaja kumzunguka, kama ilivyo desturi mtu akipata kitu. Wakakisifu kichimbio. Clive akavimba kichwa, akawaeleza kwamba siri ni chuma chenyewe. Kwanza kikatoka kifuniko cha shaba cha sufuria ya kupikia jamu. Akakijua, ni cha jikoni kwao. Chini yake vikatoka vipande viwili vya chuma vyenye herufi J na R.

Noreen alikuwa nyuma yao na kikapu cha sandwichi.

"Vya enzi gani hivyo, mume wangu?"

Wazee wakatazama viatu vyao. 

"Noreen, nisamehe. Nilikosa."

"Lete hapa."

Akakipokea kichimbio, akapitisha kidole kwenye makali ya kushoto, yale aliyoyalainisha baba yake kwa miaka yote ile. Machozi yalimlenga, akayameza.

"Baba angekuchapa nacho. Halafu angekwambia umtengenezee na yeye."

Clive akathubutu kutabasamu.

"Usicheke. Mfereji wa liki unachimbwa kwa chuma cha baba, na chuma cha baba ndicho hiki. Utauchimba wewe."

Mashindano yalipokwisha, majirani walimwona Clive kwenye bustani, kapiga magoti matopeni, akichimba mfereji mrefu kwa kichimbio kisichozidi mkono wake. Noreen alikaa kwenye kiti na kikombe cha chai, akimwonyesha ni wapi hajafika kina.