Sentensi Tatu za Rosemery

Mwalimu Beatus alitoka Sanje na begi la nguo na kamusi, akapanga nyumba jirani nami hapa Ifakara. Alifundisha Kiingereza shule moja ya binafsi, na nyumbani kwake Kiswahili kiliishia getini. Bintiye Rosemery, wa miaka minane, hakupewa hata maji mpaka ayaombe kwa Kiingereza. Mama yake alishindwa, akarudi kwao Mlimba. Mimi sikumlaumu.

Siku hiyo mchana nilikuwa napepeta mpunga uani. Rosemery akatokea kwenye lundo la majani ya mpunga nyuma ya nyumba, anachechemea, machozi yanamtoka.

"Baba, nimeumwa."

"Hiyo lugha gani?" Mwalimu, barazani kwake, hakuinua macho kwenye madaftari aliyokuwa akisahihisha. Siafu walikuwa wengi pale, akadhani ni hao tu. "Kitenzi chake ni *bite*. Wakati uliopita, *bit*. Nitungie sentensi tatu, ndipo nikusikilize."

Nilicheka. Bora niseme ukweli: nilicheka, nikaendelea na ungo wangu, maana mambo hayo tulishayazoea.

Mtoto akasimama wima, mikono nyuma, kama yuko darasani.

"*The dog bit the man.*" Akameza mate. "*The mosquito bit the baby.*" Akashika ukuta. "*The snake bit me.*"

"*Very good*," akasema Mwalimu, akaendelea kusahihisha.

Hata mimi niliyeishia darasa la saba nilielewa ile ya tatu. Nyoka. Nikatupa ungo. "Mwalimu, mtazame mwanao!"

Alipogeuka, kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba na damu inachuruzika kwenye matundu mawili. Tulimpakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemshikilia, baba yake akafuata na nyingine. Njia nzima nilikuwa namtukana mtu yule moyoni, na nafsi yangu pia.

Hospitalini, nesi alimwinamia mtoto. "Pole, mwanangu. Nyoka mwenyewe alikuwaje? Mweusi, au wa mabaka? Niambie haraka nijue dawa."

Rosemery aligeuza kichwa taratibu, akamtafuta baba yake, akamwuliza kwa Kiingereza kama anaruhusiwa kusema Kiswahili.