Mhuri Uliobaki Kwenye Kidole

Veterineri, yule munganga wa nyama wa serikali, alilowesha kidole, akasugua mhuri kwenye nyama yangu. Mhuri ukatoka wote, ukabaki kwenye kidole chake. Akakiinua juu, soko zima la Kamembe likacheka.

"Maman Vesti, huu ni wino wa batoto ba shule. Nyama hii haikupimwa. Utalipa faini ao utalala gerezani."

Akaimwagia petroli nyama yote.

Na mimi ndiye niliyemwambia asugue! Nilikuwa nimempigia kelele mbele ya wateja: "Wewe muntu wa serikali, hauna macho? Mhuri si huu? Sugua mpaka uchoke!"

Nyama ile, mguu wa ng'ombe, aliniletea Anastazi, jirani yangu wa Gihundwe. Wakati wa mauaji ya 1994 hapa Rwanda, huyo Anastazi alichinja ng'ombe zetu huku mimi nimejificha kwenye mtama, namuona. Aliporudi kutoka kambi za wakimbizi za Zaire, akapiga magoti mlangoni pangu, akaomba msamaha. Mjinga mimi, nikampa. Siku alipoleta mguu akaniambia, "Maman, ng'ombe imepimwa, mhuri huu." Sikuuliza imepimwa wapi. Kumbe ilijifia yenyewe kwa ugonjwa kule Gikundamvura.

Veterineri ameandika jina langu peke yangu. Sawa, niliuza, nitajibu. Lakini Anastazi anakunywa pombe yake ya ndizi, anacheka na batu. Kwa ng'ombe zetu hakuna aliyemuuliza. Na kwa huu mguu pia asiulizwe? Ninyi wakubwa munaonihukumu, mumuite. Asimame karibu yangu, ajibu yote mawili.