Kwa Nini Tingatinga Libebwe?

Naikumbuka siku moja ya masika kule Msowero, mwanangu, kila ninapoona lobedi, lile lori refu la kubebea mitambo, likitokea Mikumi na tingatinga mgongoni. Nilikuwa opareta kijana, na swali moja lilininyima raha: tingatinga lina cheni zake, linatembea lenyewe, kwa nini libebwe kama mwali?

Tulikuwa tumemaliza kukata mitiki upande mmoja wa kijito, tunahamia wa pili. Msimamizi akasema tusubiri lobedi, ipite barabara kubwa ya kuzunguka. Kulikodi lori lile ni ghali, nami nikajiona nimegundua jambo. Wanasema akili ni nywele; zangu siku hizo zilikuwa fupi sana. Msimamizi alipokwenda Kilosa kufuata kibali, nikawasha mashine nikashika njia ya mkato, nione tu itakuwaje.

Nikaona. Kijitoni palikuwa na kivuko cha magogo, watu wanapita na mizigo yao. Nilipokuwa nagusa ng'ambo, magogo yakakatika nyuma yangu, cheni moja ikachomoka, tingatinga likalala ubavu kwenye tope.

Pale ukingoni alikuwa amesimama Bibi Mwanahawa, mkunga wa kijiji, akisubiri nipite ili naye avuke. Nikaruka chini.

“Shikamoo, bibi.”

Akanitazama, akatazama maji. Hakuitikia. Mwanangu, nimetukanwa na wengi nikasahau, lakini kunyimwa marahaba kunaniuma mpaka leo.

“Kuna binti ana uchungu huko ulikotoka,” akasema. “Nivushe kwanza.”

Maji yalinifika kiunoni, na yalikuwa na nguvu. Nikambeba mgongoni, nawaza yule binti. Tulipofika katikati akaniinamia sikioni.

“Miguu ninayo, na leo nabebwa. Unajua kwa nini?”

“Kivuko kimevunjika, bibi.”

“Basi. Kabla hujauliza kama mashine ina miguu, uliza kama njia ina mgongo wa kuibeba.”

Mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu hadi leo. Mimi na wenzangu tulikata magogo mapya, tukayafunga na kuyashindilia mawe. Siku ya kumaliza, Bibi alikuwa wa kwanza kupita. Nikamwamkia tena. Hakujibu mpaka alipofika katikati, akapiga mguu mara mbili, akasikiliza.

“Marahaba, mjukuu wangu.”

Nililia, sikufichi.

Kwa hiyo, mwanangu, usiache kudadisi. Kuuliza si ujinga. Kosa langu lilikuwa kujiuliza na kujijibu peke yangu. Ukiona watu wanagharamia kitu unachodhani ni cha bure, nenda kawaulize, na uwaulize pia wanaoishi njiani, maana gharama uliyoikwepa wewe hulipwa na mwingine ambaye hata hukumwamkia.

Mungu akujalie safari njema na vivuko imara. Na kila utakapotoa shikamoo, apatikane wa kukuitikia.